Jibu: Kumpeleka mtoto kuona Mesa Solar Sox

Dada, nimekuelewa, mko Phoenix, kijana ana miaka 10 kashikwa na besiboli na tiketi za timu kubwa zinawashinda, ukauliza kama Solar Sox inafaa au ni timu ya mtaani tu. Inafaa sana! Hiyo ni moja ya timu sita za Arizona Fall League, ligi ya vuli iliyoanza 1992, na klabu zote 30 za ligi kuu ya besiboli Marekani (MLB) zinapeleka vijana wao huko kila Oktoba kuwakomaza, kila timu inachanganya wachezaji wa klabu tano, kwahiyo unaowaona leo kesho utawaona kwenye TV. Hata Michael Jordan alipoacha basketi alipitia hukohuko, kwenye timu nyingine ya ligi hiyo, Scottsdale Scorpions, 1994.

Ushabiki wa timu yenyewe usiuhangaikie, kikosi kinabadilika kila mwaka, mwambie achague mchezaji mmoja amfuatilie. Fikeni mapema na mpira na kalamu, watu ni wachache na wachezaji wengi wanasaini bila shida.

Ila joto jamani. Oktoba Arizona bado inachoma, chukua mechi ya usiku, maji mengi, na mtoto akianza kizunguzungu au kutapika mpeleke kivulini haraka, akichanganyikiwa piga 911 usisubiri. Na kaeni nyuma ya wavu, ile mipira inayochepuka pembeni inakuja kwa kasi ya kuvunja meno, simu weka mfukoni mrushaji akiwa anarusha.