Wasomaji Wauliza: Spika ya Inchi 15 na Sanduku Lake

SWALI: Nimepata spika mbili za inchi 15 kwa bei ileile. Moja ni ya gari: koili mbili za omu 2, wati 500, na maelezo yake yanasema Fs 22, Qts 0.45, Vas lita 150, Xmax milimita 14. Nyingine ni ya jukwaa, aina ya zile za kanisani: wati 1000, Fs 40, Xmax 5. Nataka sabufa ya filamu sebuleni. Nichukue ipi, na sanduku liweje?
*Msomaji, Lanet, Nakuru*

JIBU: Chukua ya gari. Kwanza tueleze namba zako: Fs ni hezi (mitetemo kwa sekunde) ambazo koni hutetemeka yenyewe, Qts ni jinsi spika inavyojizuia kutetemeka, Vas ni lita za hewa zenye ulaini sawa na wa koni, na Xmax ni umbali koni inaoweza kusogea upande mmoja bila kuharibu sauti. Wati 1000 ni kiasi cha umeme ambacho koili inavumilia bila kuungua. Hazikuambii besi itashuka hadi wapi. Besi ni hewa inayosukumwa. Koni ya inchi 15 ina eneo la sentimita za mraba 830 hivi, kwa hiyo ya gari ikisogea milimita 14 inasukuma lita 1.16, na ya jukwaa kwa milimita 5 inasukuma lita 0.42 tu. Tena ukitaka sauti ibaki na nguvu ileile kutoka hezi 40 hadi hezi 20, hewa inayohitajika ni mara nne. Ngoma na gitaa la besi kanisani haviendi mbali chini ya 40, ndiyo maana spika ile hunguruma vizuri kule. Mlipuko wa filamu hushuka hadi 20. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha Fs, Qts, Vas na Xmax mwachie spika yake, hata kama sumaku ni nzito kama jiwe la kusagia.

Kwa spika hii tungejenga sanduku lililofungwa kabisa, lisilo na bomba la kupitisha hewa. Ni dogo, na fundi akikosea lita tano hakuna atakayesikia. Hesabu ni hii: gawanya 0.707, ambayo ndiyo Q tunayotaka spika iwe nayo ikiwa ndani ya sanduku, kwa Qts upate 1.571, zidisha jibu kwa lenyewe, 2.468, toa 1, kisha gawanya Vas kwa kilichobaki. 150 kwa 1.468 ni lita 102. Ongeza lita 8 hivi zinazoliwa na spika yenyewe na ubao wa kukazia, zinakuwa 110, yaani sentimita 48 kila upande kwa vipimo vya ndani.

Shiti moja ya MDF ya futi 8 kwa 4, unene milimita 18, inatoa vipande vinane: kuta sita, kimoja cha kuongeza unene wa uso wa mbele, na kimoja cha kukazia ndani, kilichotobolewa madirisha makubwa hewa ipite. Hicho cha kukazia kisogeze nyuma kidogo ya katikati, la sivyo sumaku inaweza kukifikia. Omba hadwea wakukatie kwa mashine. Msumeno wa mkono ukienda upande unaacha mwanya, na mwanya hupiga mluzi. Gundi ya mbao ipakwe mstari mzima bila kukatika, skrubu kila sentimita 15, na utoboe kwanza maana ukingo wa MDF hupasuka. Ziba pembe za ndani kwa silikoni, kisha subiri siku mbili kabla ya kufunga spika: ile inayonuka siki hutoa mvuke unaoweza kudhuru gundi ya koni. Kupima, cheza toni ya hezi 30 na upitishe kiganja kilicholowa maji kwenye maungio. Pakivuja, utahisi upepo.

Koili ziunge kwa mfululizo, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, upate omu 4. Ukiziunga sambamba zinabaki omu 1, na amplifaya nyingi za nyumbani hujizima au kuungua hapo. Ajabu ni kwamba amplifaya ya kanisani itakufaa ingawa spika yake haikufai: inakula volti 240 moja kwa moja, na nyingi hutoa wati 500 kwa omu 4 bila shida. Feni yake tu ndiyo kelele. Amplifaya ya gari inataka volti 12, na kwa wati 500 itavuta zaidi ya ampea 40.

SWALI: Fundi alinijengea sanduku la lita 200 kwa spika ya inchi 15, na bomba la PVC la inchi 4 lenye urefu wa sentimita 24, ili litoe hezi 20. Filamu ikinoga bomba linapuliza "fuuu", na mara nyingine spika inagonga "tak". Kosa liko wapi?
*Msomaji, Mamboleo, Kisumu*

JIBU: Hesabu ya fundi ni sahihi, bomba ndilo jembamba. Hewa nyingi ikipita kwenye tundu dogo hukimbia kasi na kupuliza. Weka la inchi 6, lenye kipenyo cha ndani cha sentimita 15, lakini urefu wake uwe sentimita 55. Wengi hubadilisha bomba na kuacha urefu wa zamani, na hapo sanduku lako lingepanda hadi karibu hezi 28. Bomba jipya litakula lita 9 zaidi ndani, kwa hiyo utapata 20.5 badala ya 20, usihangaike nalo. Acha sentimita 15 kati ya mdomo wake wa ndani na ukuta. Sanduku likiwa fupi, tumia kiwiko.

"Tak" ndiyo hatari. Chini ya hezi 20 hewa ya sanduku haishikilii tena koni, nayo inarukaruka hadi koili inagonga bamba la nyuma. Punguza sauti papo hapo, zima kitufe cha kuongeza besi, na weka kichujio cha kukata kila kilicho chini ya hezi 18 hadi 20.

Na kwa kuwa ziwa liko karibu, paka vanishi kingo zote za MDF, hata za tundu la bomba na za upande unaokaa sakafuni. Ikinywa unyevu huvimba na skrubu hulegea.

SWALI: Sebule yangu ina urefu wa mita 5. Besi imejaa kwenye kona, lakini kwenye kochi katikati haipo. Pia kuna "mmm" hata filamu ikisimama.
*Msomaji, Kakamega*

JIBU: Kwa mita 5, hezi 34 hujifuta katikati ya chumba, na sabufa kubwa zaidi haitabadilisha hilo. Rudisha kochi nyuma, theluthi moja ya chumba kutoka ukutani. Ikishindikana, iweke sabufa juu ya kochi, cheza muziki wa besi inayopanda na kushuka, kisha tambaa kando ya kuta. Mahali noti zote zinasikika sawa ndipo pa kuiweka. Krosova, yaani mpaka ambapo sabufa huziachia spika nyingine sauti za juu, iache hezi 80.

"Mmm" ni umeme wa hezi 50. Chomoa waya wa dishi kwenye king'amuzi. "Mmm" ikinyamaza, umepata chanzo. Isiponyamaza, chomeka vyombo vyote kwenye ekstensheni moja. Usikate waya wa athi kwenye plagi kama wengine wanavyofanya: ndio unaokulinda umeme ukivujia kwenye bati la amplifaya.