Mashine 12, wanafunzi 54: anza na hesabu ya dakika

Juma lililopita mwalimu mmoja wa sekondari ya kata, upande wa Kongwa mkoani Dodoma, ametuandikia. Shule yake ilipewa kompyuta mpakato 12, tatu haziwaki, na darasa lake la kidato cha pili lina wanafunzi 54. Aliuliza jambo moja tu: aombe wapi nyingine? Tunajua hayuko peke yake kati ya Chemba na Mpwapwa, kwa hiyo jibu lake tunaliweka hapa kwa wote.

Kabla ya kuomba mashine ya 13, mwalimu, piga hesabu ya dakika. Kipindi ni dakika 40. Kuzitoa stoo, kuzigawa, kuziwasha na kutafuta faili ya jana hula 10. Zinabaki 30. Mashine 9 mara dakika 30 ni dakika 270 za kibodi. Gawa kwa watoto 54: kila mmoja anapata 5. Kwa vipindi viwili vya wiki ni dakika 10, na kwa dakika 10 hakuna mtoto atakayejifunza kuchapa hata barua ya kuomba ruhusa.

Wengi hukimbilia kugawa darasa nusu kwa nusu. Si vibaya, na tutalirudia, lakini kugawa hakuongezi dakika hata moja ya kibodi. Dakika huongezeka kwa kufufua mashine zilizokufa, kwa kupunguza muda wa kuwasha, na kwa kuzitumia saa ambazo sasa hukaa zimefungiwa stoo.

Tuanze na zilizokufa, maana nyingi hazijafa. Chomoa chaja, toa betri kama inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie sekunde 30. Kisha jaribu kwa chaja unayojua ni nzima, yenye volti ileile; soma maandishi ya nyuma, kwa sababu chaja ya volti 12 na ya 19.5 zinaweza kuwa na pini inayoingia tundu moja. Taa ikiwaka na feni ikazunguka huku kioo ni cheusi, kimulike kwa tochi kutoka pembeni. Ukiona kivuli cha maandishi, kilichokufa ni taa ya ndani ya kioo tu. Iunganishe na televisheni au projekta, iwe mashine ya kufundishia. Usipoona kitu, chomoa tena chaja na betri, fungua kifuniko cha chini, chomoa kadi ya RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine), sugua meno yake ya rangi ya dhahabu taratibu kwa kifutio cha penseli, uirudishe mpaka ibane. Tumeona mashine zikiwekwa kando miaka kwa vumbi la meno hayo.

Ikiwaka na kusema haioni diski, mara nyingi ile diski ya kuzunguka imechoka: weka SSD, yaani diski isiyozunguka, ya GB 240. Ikiwaka vizuri lakini kila asubuhi inarudi tarehe ya zamani, na tovuti zinakataa kufunguka zikidai si salama, kibetri cha saa ya ndani, CR2032, kimeisha. Hicho ni kidogo kama sarafu na hakihitaji mfadhili. Ila ukiona padi ya kugusa imenyanyuka au mwili wa mashine umeachana, betri imevimba. Usiichaji, usiibonyeze, usiitoboe. Mpe fundi aitoe; mashine nyingi hufanya kazi kwa chaja peke yake.

Dakika za kuwasha nazo zina dawa. Hata kwenye mashine isiyo mbovu, hakuna kifaa kinachobadilisha kompyuta ya zamani kama SSD. Ile iliyokuwa ikisubiriwa dakika 3 au 4 huwaka chini ya dakika 1. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za msaada hazifikii masharti ya Windows 11. Badala ya kuhangaika nazo, weka Linux Mint toleo la Xfce, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows. Kwa RAM ya GB 4 inatembea vizuri, na LibreOffice, programu ya kuandika na kupiga majedwali, imo ndani tayari. Zinazobaki na Windows, ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi uonyeshe kuwa mtandao huo unalipiwa kwa kipimo (metered connection), ili masasisho yasijishushe yenyewe katikati ya kipindi. Akaunti ziwe mbili tu kila mashine: ya mwalimu inayoweza kusakinisha, na ya mwanafunzi isiyoweza. Viranja wawili waziwashe kabla ya kengele, na kati ya kipindi na kipindi zifungwe kifuniko zilale, zisizimwe.

Tumepoteza vipindi vingi pia kwa virusi vya flashi. Mtoto anatoka nayo steshenari, anaichomeka, na faili zote zinageuka njia za mkato (shortcut). Kazi haijapotea, imefichwa. Fungua kidirisha cha amri (Command Prompt), andika attrib -h -r -s /s /d F:\*.* (F ikiwa ndiyo herufi ya flashi hiyo), subiri imalize, nakili faili za mwanafunzi peke yake, halafu ifute flashi yote. Bora zaidi, flashi zisiingie darasani kabisa. Ruta ya kawaida isiyo na intaneti inatosha kuunganisha mashine zote na kompyuta ya mwalimu. Ukisakinisha Kolibri, programu ya bure ya masomo yasiyohitaji intaneti, kwenye kompyuta hiyo, wanafunzi wanaingia kwa kivinjari wakiandika anwani yake na :8080 mwishoni. Wasipoipata, kagua kwanza ukuta wa ulinzi (firewall) wa Windows. Mara nyingi ndio unaozuia.

Sasa kugawa darasa. Watoto 6 wakizunguka kioo kimoja, wa nyuma 3 hawaoni kitu. Nusu ya darasa, 27, kwa mashine 12 ni wawili au watatu kila moja. Nusu nyingine wanaandaa kwenye karatasi, tena kazi hiyohiyo. Kama somo ni jedwali, wachore safu na nguzo kwenye daftari: bei ya gunia la mahindi soko la Kibaigwa kwa siku 7, na waandike kwa mkono fomula ya wastani, =AVERAGE(B2:B8), kabla hawajagusa kitufe. Anayefika kwenye kibodi akiwa bado anafikiri aandike nini, anakula dakika za mwenzake. Kila baada ya dakika 4 gonga meza: aliyekuwa anachapa anasoma, aliyekuwa anasoma anakagua. Usipogonga, mwenye nguvu atachapa mpaka kengele, na mara nyingi wasichana ndio watabaki wasomaji.

Hesabu ya sasa, zote zikiwa zimefufuka na maandalizi yakila dakika 3 badala ya 10: mashine 12 mara dakika 37 ni 444, kila mtoto anapata 8, kwa wiki 16. Ongeza alasiri moja tu, saa 10:00 hadi 11:30. Dakika 90 mara mashine 12 ni 1,080. Kila mtoto wa darasa lile anapata 20 kwa siku hiyo moja, kupita wiki nzima ya vipindi. Hapa ndipo tunapowasihi wakuu wa shule: ufunguo wa stoo hiyo usikae mfukoni mwa mtu mmoja anayesafiri vikao vya mjini. Hofu ya wizi ni ya haki, na ina njia zake. Andika namba kwa rangi isiyofutika juu ya mashine na juu ya chaja yake, weka daftari la kusaini lenye saa ya kutoka na kurudi, na mwalimu wa zamu ahesabu mpaka 12 kabla hajafunga. Kompyuta isiyoguswa kwa hofu ya kuibiwa imeshaibiwa kwa hao watoto 54. Na kama kisingizio ni LUKU, kuzichaji zote 12 kutoka sifuri zikiwa zimezimwa hakufiki uniti 1. Angalia tu nyaya: usichomeke ekstensheni juu ya ekstensheni, na ikipata joto mkononi, itupe.

Kwetu adui wa kudumu ni vumbi, hasa Juni hadi Oktoba upepo ukiwa mkali. Usifagie chumba mashine zikiwa wazi, piga deki. Kila mwezi safisha matundu ya hewa kwa brashi kavu ya rangi, feni ukiwa umeizuia kwa kijiti isizunguke. Mashine ibebwe kwa mikono miwili kutoka chini, kamwe si kwa kioo, na mtoto apapase kibodi kabla ya kufunga, kwa sababu kalamu iliyosahauliwa ndani hupasua kioo.

Likizo ikifika, usiziache zimejaa wala zimeisha. Zifikishe kama asilimia 50, zizime kabisa, uzipange kwenye rafu mbali na sakafu na ukuta, kwa ajili ya mchwa. Chaja zikae kwenye boksi lao, kila moja na namba yake. Siku mbili kabla ya kufungua shule, chaji zote, ziwashe moja moja, urekebishe tarehe.