Kabla hujamwaga klorini nyingine, pima maji kwanza

Mwaka wa kwanza baada ya kujenga bwawa la kuogelea hapa nyumbani Kigamboni nilikuwa nanunua klorini kama mtu anayenunua unga wa sembe. Bwawa lenyewe dogo tu, mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.5, yani lita 48,000 hivi, lakini ndoo ya kilo tano haimalizi mwezi na ukuta bado unateleza kama mlenda. Sasa siku mbili kabla ya Idi, watoto wa dada zangu washaambiwa waje na nguo za kuogelea, naamka asubuhi nakuta kijani kibichi, ngazi ya chini haionekani. Kijana anayenisaidia akasema dozi ndogo hiyo bosi, ongeza, nikaongeza saa sita mchana jua liko utosini, kesho yake alfajiri kijani kile kile, kama vile sijaweka kitu.

Nikaona isiwe tabu, nikaenda kununua kile kiboksi cha matone. Unachota maji kina cha kiwiko, sio ya juu juu, unadondosha matone ya ile dawa nyekundu ya pH (yani kipimo cha maji yana asidi au magadi kiasi gani), unatikisa, unalinganisha rangi. Yangu yakatoka pinki iliyokolea inayoelekea zambarau, yani imegonga 8.2 ambayo ndo mwisho wa skeli yenyewe. Inatakiwa 7.2 mpaka 7.6. Na hapa ndo wengi tunaliwa hela, maana pH ikifika 8 ni kama robo tu ya klorini uliyoweka ndo inafanya kazi ya kuua kwa nguvu, wakati kwenye 7.2 ni zaidi ya nusu. Na ile klorini ya unga ninayotumia, kalsiamu hipokloriti, yenyewe inapandisha pH, kwa hiyo kila nikiongeza nazidi kujichimbia shimo. (Angalizo: usipime pH ukiwa umetoka tu kumwaga klorini nyingi, matone yanadanganya.)

Halafu lile jua. Klorini ya unga kama hii yangu haina kinga yoyote ya jua, ukiweka mchana masaa machache imeshaliwa. Weka jioni, magharibi ikishaingia.

Basi nikaweka asidi ya kushusha pH nusu lita, nikaacha pampu izungushe masaa matatu, nikapima, nikaongeza tena, mpaka ikafika 7.4. Tukasugua kuta na brashi kwelikweli, maana ule utelezi usipousugua dawa haipenyi. Usiku gramu 750 za klorini, pampu usiku kucha, LUKU ikalia lakini ningefanyaje. Asubuhi kijani kimekuwa kijivu cheupe kama maji yaliyooshewa mchele, hapo ujue umeshashinda, ni maiti za mwani, ule ukijani, zinaelea. Nikaosha filta kwa kurudisha maji nyuma mara tatu siku hiyo, kila geji ya presha ya filta ikipanda. Idi mosi watoto wakakaa pembeni wanalamba aiskrimu na kuninunia, Idi pili klorini imeshuka hadi 3 (miligramu kwa lita), wakaingia.

Wenye visima sasa, hii ni yenu. Kuna siku nilijaza maji mapya ya kisima, meupe kabisa, nikatia klorini, nusu saa hivi bwawa zima likawa chai ya rangi! Nikajua nimeuziwa dawa feki. Kumbe ni chuma kilichokuwemo kwenye maji, klorini imekifanya kutu. Ilibidi kutia shabu, kuzima pampu, kuacha itulie usiku kucha, halafu kufyonza tope la chini moja kwa moja kwenda nje bila kupitisha kwenye filta. Siku hizi maji ya kisima nayamwaga kwanza kwenye simtanki kwa juu, yanaanguka kama mvua yapate hewa, yanakaa siku mbili kutu itue chini, ndo nahamisha.

Vile vidonge vya klorini vya kwenye chombo cha kuelea ni vizuri kwa mtu asiye na muda, ila vinakuja na kinga ya jua ambayo haiishi, inajilimbikiza tu mwezi baada ya mwezi mpaka klorini inakuwa kama imefungwa mikono. Ikifika huko hakuna dawa, unapunguza maji unaweka mengine. Mimi navitumia nikisafiri tu.

Na tafadhali, kopo la kuchotea unga lisiguse vidonge. Zile ni klorini mbili tofauti, zikikutana na unyevu kidogo zinawaka. Za kwangu zinakaa stoo mbili tofauti, asidi iko nje kabisa chini ya kibanda cha pampu, na kijana nimemzoesha anajaza maji kwenye ndoo kwanza ndo anatia dawa, na upepo anaupa mgongo.