Mama ana sukari na anaona ukungu: matone ya kuyeyusha mtoto wa jicho

Pole sana dadangu. Nimekuelewa, mamako ana sukari, anaona ukungu, miwani ashabadilisha na bado, na sasa kuna mtu anawauzia matone eti yatayeyusha mtoto wa jicho. Hayo matone wacheni kabisa! Mtoto wa jicho hutolewa kwa operesheni tu, wanatoa lenzi ya jicho iliyoingia ukungu wanaweka ya bandia, na sukari iwe imetulia kwanza. Miwani pia msinunue saa hii, sukari ikipanda lenzi ya jicho inafura, leo anaona hivi kesho vile.

Ni kweli wenye sukari hupata mtoto wa jicho mapema, lakini mimi linalonitia wasiwasi zaidi ni mishipa midogo ya nyuma ya jicho, huharibika na kuvuja bila uchungu wowote. Mpeleke hospitali ya Coast General, Mombasa, ama kliniki ya macho ya Kwale Eye Centre, waombe wapanue mboni wakague nyuma, na arudi kila mwaka hata akiona sawa. Asiende peke yake, akitoka hapo haoni vizuri kwa masaa. Akiona madoa meusi ghafla ama kama pazia limeshuka, msingoje tarehe ya kliniki, nendeni siku hiyo hiyo.