Mzizi wa Kahawia Si Lazima Uwe Umeoza

Okidi yangu ya kwanza yenye ua la umbo la kiatu niliiua kwa mkasi. Nilikuwa nimezoea Phalaenopsis, zile zinazopangwa kwenye maduka ya maua, ambazo mizizi yake mizima ni ya rangi ya fedha na hugeuka kijani ikipata maji. Nilipoimwaga hiyo ya ua la kiatu, Paphiopedilum, kutoka kwenye chungu nikakuta mizizi ya kahawia, ina manyoya kama kamba ya katani. Nikasema yote imeoza, nikaikata hadi karibu na shina. Kumbe mizizi ya pafi, tunavyoiita kwa kufupisha, ndivyo ilivyoumbwa.

Kwa hivyo wewe unayeanza, jifunze mizizi kabla ya maua. Minya mzizi taratibu kati ya vidole. Uliooza ni teketeke, ukiuvuta ganda linavuka kama soksi na kubaki uzi mwembamba. Mzima ni mgumu hata ukiwa na rangi ya kahawa. Nayo mizizi ya pafi ni michache na haioti haraka, basi usiibague kwa rangi.

La pili ni maji, na hapa ndipo Nairobi inapotuchanganya. Okidi chui wetu, Ansellia africana, ana mashina manene kama miwa midogo, anaweka akiba humo. Pafi haina ghala kama hilo. Nyingi asili yake ni sakafu ya misitu ya Asia, kuanzia India hadi New Guinea, kwenye majani yaliyooza yenye unyevu na hewa pia. Haitaki kukauka kabisa, wala kukaa kwenye dimbwi.

Vitabu vingi vimeandikwa na watu wa Ulaya: punguza maji Desemba, jihadhari na dirisha la kusini. Kwetu baridi ni Juni hadi Agosti, mawingu yanakaa siku nzima na chungu hakikauki. Jua nalo linapitia kaskazini mwezi wa Juni, kusini mwezi wa Desemba. Mimi hutumia dirisha la mashariki mwaka mzima, na pazia jepesi Januari na Februari. Siku ya kumwagilia naipima kwa mkono: nanyanyua chungu. Kikiwa chepesi namwagilia asubuhi, kikiwa kizito nakirudisha. Julai, majani yakilegea, usikimbilie jagi. Huenda mizizi imeshaoza na mmea una kiu ndani ya maji. Tone likibaki katikati ya majani usiku wa baridi, moyo wa mmea unaoza, kwa hivyo nalinyonya kwa ncha ya tishu.

Maji ya kisima kirefu cha ploti yana chumvi, na ncha za majani zitakuambia kwa kuungua. Kinga ya mvua Aprili na Novemba, ujaze mitungi.

Udongo wetu mwekundu usiuguse. Changanya vipande vya gome la paini vyenye ukubwa wa maharagwe, makaa yaliyopondwa na kuoshwa vumbi, na vijiwe vyepesi vya volkeno. Badilisha kila mwaka mmoja au miwili, hata kama chungu hakijajaa, maana gome likioza hukaba hewa. Mbolea iwe robo ya kipimo cha pakiti.

Ukinunua, tazama majani. Yenye madoadoa kwa kawaida hupenda joto zaidi. Ya kijani kitupu mara nyingi huvumilia baridi. Ningekuanzisha na Paphiopedilum insigne, ya milima ya kaskazini mashariki mwa India, ambayo usiku wetu wa Julai hauitishi. Dai mmea uliozalishwa kitaluni: jenasi nzima iko Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na za porini haziruhusiwi katika biashara ya kimataifa. Kuagiza nje kunataka kibali cha KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea.

Wageni wataniuliza tena kama kile kifuko cha ua, chenye umbo la kiatu, kinakula nzi. Hakili. Mdudu akiteleza ndani anatoka kwa mlango wa nyuma, amejipaka chavua.

Kila chipukizi huchanua mara moja tu. Ua likianguka, kata bua, majani uyaache, yanalisha chipukizi linalofuata. Usigawanye mmea wenye machipukizi mawili, hata jirani akikubembeleza. Wangu alibembeleza miezi sita, nikaishia kumpa Phalaenopsis.