Kuvumwani ukutani: usimwage asidi

Dada, umeuliza kama umwage asidi kwenye kuvumwani, ile mimea midogo ya kijani inayotanda kama zulia, iliyoota kando ya birika la kuhifadhia maji, uani kwenu huko Mkomani. Tafadhali usimwage! Asidi hula chokaa, na ukuta wa matumbawe bila chokaa ni hasara kubwa. Kuvumwani haina mizizi; imejishika kwa vinyweleo tu, na maji huyanywa kwa majani yake. Bandua kipande utazame: chini utakuta vumbi la chokaa lililolowa, pengine na kijikangaga kinachipua. Basi tafuta maji yanatoka wapi. Ziba panapovuja, ukuta ukauke, ndipo usugue kwa brashi na upake chokaa. Saruji hapana, hufungia unyevu ndani. Ile ya kisimani, kivulini, iache. Hapo ndipo kwao.