Jibu: Kundi la kulinganisha kwenye utafiti wa hipnosisi

Ndugu, umeuliza kama inatosha kulinganisha wagonjwa waliofanyiwa hipnosisi (kuongozwa kwa maneno hadi mtu atulie sana na kupokea mapendekezo) na wale walioachwa wakisubiri zamu. Haitoshi. Mtu akikaa na mtaalamu anayemsikiliza kwa makini, anaweza kupata nafuu hata bila hipnosisi. Sasa utajuaje kilichomsaidia ni kipi?

Tazama utafiti wa Montgomery na wenzake, Marekani, 2007. Wanawake 200 waliokuwa wakisubiri upasuaji wa matiti: wengine walipewa hipnosisi ya dakika 15, wengine mwanasaikolojia akawasikiliza tu kwa muda uleule. Waliopata hipnosisi walihitaji propofoli (dawa ya usingizi) na lidokeini (dawa ya ganzi) pungufu kuliko wenzao, na maumivu yao baada ya upasuaji yakawa nafuu. Hapo tofauti ina maana.

Mgonjwa huwezi kumficha kwamba anafanyiwa hipnosisi, lakini anayepima matokeo unaweza kumficha mgonjwa yupo kundi gani. Watafiti wengi hawajisumbui! Kabla ya kuanza, pima pia matarajio ya wagonjwa na wepesi wao wa kuingia kwenye hipnosisi. Vipimo vya Stanford, vya kupima wepesi huo, vipo tangu 1959. Halafu maneno utakayowaambia wagonjwa yachapishe yote. Kuandika "tulitumia hipnosisi" basi, ni sawa na kuandika "tulitumia dawa".